Mlima huu uwe nyika kisheria, au usiwe?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Idaho na familia yangu, na mwaka juzi nilipata uraia. Msitu wa taifa ulio jirani nasi unaandikiwa mpango mpya, na wananchi tumeombwa maoni. Kuna safu ya milima ambayo wengine wanataka ipendekezwe kuwa nyika inayolindwa kisheria, na wengine wanapinga kwa nguvu zote. Kanisani kwetu watu wamegawanyika: wapo wanaowinda huko, wapo wanaoendesha baiskeli, na jirani yangu hupeleka ng'ombe huko kila kiangazi. Nataka kuandika maoni lakini sijui nianzie wapi. Mtu anaamuaje jambo kama hili? Na mimi mgeni nina haki gani ya kusema?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonigusa. Hapo huna ugeni hata kidogo. Serikali ya shirikisho ya Marekani inashikilia takribani ekari milioni 640 kwa niaba ya wananchi wote, zaidi kidogo ya robo ya nchi nzima, na katika jimbo lako la Idaho ni zaidi ya ekari sita katika kila kumi. Fungu lako katika ardhi hiyo ni sawasawa na la mzee ambaye babu yake alifika huko kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tena hata kabla ya uraia ulikuwa na ruhusa ya kutoa maoni. Ofisi ya msitu haiulizi umezaliwa wapi, inauliza una hoja gani.

Sasa twende kwenye hoja. Katika mikutano ya namna hiyo nimeona kosa moja likirudiwa na pande zote: watu huchanganya maswali mawili. La kwanza ni kama ardhi hiyo ina sifa ambazo sheria inazitaka. Hilo ni swali la ushahidi, hujibiwa kwa miguu, ramani na kamera. La pili ni kama ardhi hiyo, hata ikiwa na sifa zote, inafaa kuwekwa chini ya sheria hiyo. Hapo ni hukumu, na watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana wakabaki marafiki. Lakini mkutanoni anayepinga husimama akasema "pale pana barabara", kumbe moyoni anasema "sitaki". Anayeunga mkono naye husema "hakuna barabara hata moja", kumbe anasema "napapenda". Wakishaanza hivyo hawamalizi, kwa sababu kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Sheria yenyewe, inayoitwa Sheria ya Nyika, ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 3 Septemba 1964. Aliyeiandika ni Howard Zahniser wa chama cha Wilderness Society. Aliihangaikia miaka minane, rasimu baada ya rasimu, akafariki mwezi Mei mwaka huohuo, miezi minne tu kabla haijasainiwa. Siku ile zililindwa ekari milioni 9.1. Leo zimepita milioni 111, zaidi kidogo ya nusu yake zikiwa Alaska peke yake.

Naiita nyika, na nakuomba usilichukue neno hilo kwa maana ya Biblia, mahali pa ukiwa na majaribu. Katika kuieleza ardhi anayoikusudia, Zahniser alichagua neno adimu la Kiingereza, "untrammeled". Baadhi ya wenzake walimsihi atumie jepesi zaidi, akakataa. Wengi hulisoma vibaya, wakadhani lina maana ya ardhi isiyokanyagwa. Asili yake ni wavu wa kuvulia samaki, na pia kamba ya kufungia miguu ya farasi. Mvuvi anayelijua jarife angeelewa papo hapo: ni ardhi ambayo haijanaswa. Kwa hiyo sheria haidai kwamba mguu wa mtu haujawahi kufika pale. Inadai kwamba kuanzia sasa tuache kuiongoza ardhi hiyo ifuate matakwa yetu. Shika jambo hilo, nitalirudia, maana kwangu mimi uamuzi wote umelala hapo.

Sifa zinazotakiwa si nyingi. Ardhi ionekane, kwa jumla, kuwa imeumbwa na nguvu za asili, na kazi ya mikono ya watu isijitokeze sana. Iwe na nafasi bora ya upweke au ya kutembea na kupiga kambi bila vifaa vya kisasa na bila masharti mengi. Iwe na angalau ekari 5,000, au ukubwa unaotosha kuilinda ikabaki ilivyo. Kisiwa cha Pelican huko Florida kina ekari tano na nusu tu, nacho ni nyika kisheria. Inaweza pia kuwa na thamani ya kisayansi, ya kihistoria au ya mandhari, lakini hiyo ni nyongeza. Zingatia maneno "kwa jumla". Zamani Idara ya Misitu ilishikilia kwamba msitu uliowahi kukatwa miti hauwezi kamwe kuwa nyika, na kwa kipimo hicho karibu mashariki yote ya Marekani ilikuwa nje. Bunge halikukubali. Sheria ya mwaka 1975 iliweka nyika 16 mpya mashariki, nyingi zikiwa sehemu zilizowahi kukatwa miti au kulimwa, kisha zikajirudia zenyewe. Basi mtu akikuambia mlima wenu hauna sifa kwa sababu kuna kisiki cha mwaka 1920 au kibanda cha mchimba dhahabu kilichoanguka paa, hajaisoma sheria.

Barabara ndiyo mahali ugomvi unapowaka, kwa hiyo hapo nikuchukue taratibu.

Kwa misimu kadhaa ya kiangazi kazi yangu ilikuwa kuhakiki ramani za namna hii. Nakumbuka bonde moja ambalo kwenye ramani lilikatwa na mstari mweusi mnene, na kila aliyeiangalia mezani alisema pale nyika haipo. Tulienda kwa miguu. Mwanzoni kweli palikuwa na barabara: udongo umesukumwa pembeni na greda, mtaro upande wa juu, kalavati la bati chini ya mkondo mdogo wa maji. Baada ya nusu maili hivi kalavati zikaisha. Mtaro ukaisha. Zikabaki alama mbili za magurudumu, na katikati yake nyasi zilizonifika gotini. Mbele zaidi, katikati ya alama hizo, ulikuwa umeota msonobari mchanga mnene kama mkono wangu. Gari halikuwa limepita pale kwa miaka mingi. Nilipiga picha ya mti ule nikiwa nimeuegemezea daftari ili ukubwa wake uonekane, nikaandika mahali ulipo. Mstari mweusi ukafupishwa hadi pale kalavati la mwisho lilipo.

Tofauti hiyo sikuitunga mimi. Mwaka 1976, Bunge lilipoitaka Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, idara nyingine ya shirikisho yenye ardhi, ipitie maeneo yake yasiyo na barabara, kamati ilieleza barabara ni nini: ni ile iliyotengenezwa na kutunzwa kwa mashine ili ipitike mara kwa mara. Njia inayobaki wazi kwa sababu tu magari yanaipita si barabara. Idara ya Misitu, ambayo ndiyo inayowahusu ninyi, ina madaraja yake ya barabara, na barabara zinazotunzwa kwa ajili ya magari ya kawaida huondolewa tangu mwanzo wakati njia zilizofungwa haziiharibu sifa ya eneo moja kwa moja. Msingi ni uleule: tazama kazi ya mashine, na tazama kama inaendelea.

Na hata barabara halisi ikiwepo, mjadala haujafungwa. Mchora ramani anaweza kuupitisha mpaka kando ya barabara hiyo, ukaingia ndani ukazunguka mwisho wake na kurudi, kama kikonyo kinavyoingia kwenye tunda. Wenyewe wanaiita hivyo hivyo, kikonyo cha cheri. Barabara inabaki nje ya nyika, ardhi ya pande zote mbili inaingia ndani. Vikonyo vikizidi, bila shaka, upweke unakuwa wa kwenye karatasi tu. Kimoja au viwili havidhuru.

Hayo ndiyo ya ushahidi. Sasa la hukumu, na hapa kwanza niondoe hofu zisizo na msingi, maana najua zinapita kanisani kwenu.

Hakuna ardhi inayonyang'anywa. Mlima ni wa serikali ya shirikisho leo na utakuwa wa serikali ya shirikisho kesho. Kinachobadilika ni namna ya kuutumia. Mwenye kiwanja chake ndani ya eneo anabaki nacho, na sheria inamhakikishia njia ya kufika au kubadilishana ardhi. Uwindaji unaendelea katika misitu ya taifa, chini ya kanuni za jimbo. Farasi wanaruhusiwa. Moto unaweza kuzimwa. Sheria imetaja moto, wadudu na magonjwa waziwazi. Kiti cha magurudumu kinaruhusiwa kwa anayekihitaji. Malisho yaliyokuwepo kabla ya eneo kutangazwa yanaendelea, kwa hiyo ng'ombe wa jirani yako hawafukuzwi. Ila mwulize mambo madogo madogo: uzio wake anaukarabati kwa kutumia nini, na chumvi na mabomba ya maji anayafikisha kwa gari au kwa mnyama? Bunge lilitoa mwongozo mwaka 1980 unaoruhusu gari mara chache pale ambapo hakuna njia nyingine, lakini mfugaji aliyezoea kupanda na pikipiki kila wiki maisha yake yatabadilika. Usimwambie hakuna kitakachobadilika, ukaja kuonekana mwongo.

Kinachokatazwa ni hiki: barabara mpya, magari, pikipiki, boti za injini, helikopta kutua, misumeno ya injini, majengo, biashara kama kukata mbao, na haki mpya za kuchimba madini. Baiskeli pia. Watu wa baiskeli mlio nao kanisani wana hoja ya kweli na msiipuuze. Sheria inataja "usafiri wa kimakanika", na tangu 1984 kanuni za Idara ya Misitu zinaihesabu baiskeli humo. Jimboni kwenu mwaka 2015 Bunge lilitangaza zaidi ya ekari 275,000 katika milima ya Boulder na White Clouds, na waendesha baiskeli wakapoteza njia walizokuwa wakizipenda mno. Mimi niliunga mkono nyika ile, na bado naiunga mkono, lakini sitasema kwamba hawakupoteza kitu. Mara nyingi mpaka ukisogezwa maili moja njia yao inabaki nje na mlima hauumii. Ombeni hilo mapema, kwa jina la njia, kabla ramani haijakauka wino.

Sasa narudi kwenye wavu.

Watu wengi wanaoiunga mkono nyika wanafikiri inamfunga mikono mkataji mbao na mchimba madini peke yao. Inamfunga pia anayeipenda ardhi. Twende Arizona, kwenye hifadhi ya wanyamapori ya Kofa, iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya kondoo wa mwitu wa jangwani na sehemu yake kubwa kutangazwa nyika mwaka 1990. Kati ya mwaka 2000 na 2006 kondoo walipungua kutoka 800 hivi hadi 390. Mwaka 2007 Idara ya Samaki na Wanyamapori ikajenga matangi mawili ya maji kwa mashine, ndani ya nyika. Nani angepinga maji kwa mnyama mwenye kiu? Watu wa uhifadhi walishtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema idara haikuthibitisha kwamba matangi yalikuwa ya lazima, kwa kuwa haikupima hatua nyingine, kama vile kusimamisha uwindaji wa kondoo haohao. Nimesikia watu wakiicheka hukumu ile. Mimi naona ndiyo sheria ikifanya kazi yake: kumlazimisha mwenye huruma athibitishe kwanza kwamba mkono wake unahitajika.

Basi jiulize, dada: mlima huu unahitaji nini katika miaka hamsini ijayo, kuachwa au kutibiwa?

Si swali la kubahatisha. Katika milima yenu juu kabisa, karibu na mwisho wa miti, kuna msonobari wa gome jeupe. Mbegu zake huzikwa ardhini na ndege wa jamii ya kunguru, na zile anazozisahau ndizo zinazoota. Mti huo unaangamia kwa ugonjwa wa kutu unaoletwa na kuvu iliyoingia kutoka ng'ambo mwanzoni mwa karne ya 20, na Desemba 2022 ukawekwa kwenye orodha ya shirikisho ya viumbe walio hatarini. Wataalamu wana miche inayovumilia kutu. Je, waipande ndani ya nyika? Wapo wanaosema ugonjwa tuliuleta sisi, kwa hiyo kuutibu si kuiongoza ardhi. Wapo wanaosema tukianza kupanda hatutajua pa kuishia. Mimi naegemea upande wa kupanda, kwa mikono na kwa farasi, bila helikopta, na najua wenzangu ninaowaheshimu wanaopinga.

Kwenye misitu ya chini, mikavu, yenye misonobari ya ponderosa, hali ni nyingine. Misitu hiyo ilizoea moto mdogo wa mara kwa mara, ukapita chini kwa chini ukala majani makavu. Baada ya moto wa mwaka 1910, ulioteketeza takribani ekari milioni 3 katika Idaho na Montana, nchi ikashikwa na hofu ya moto, na mwaka 1935 Idara ya Misitu ikaweka shabaha kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Miti midogo ikasongamana chini ya mikubwa. Leo moto ukishika hupanda hadi vileleni na kuua kila kitu. Msitu wa namna hiyo ukiwa maili moja kutoka kwenye nyumba za watu, unahitaji watu wenye misumeno na malori waupunguze, kisha wauwashe moto wa makusudi. Ndani ya nyika kazi hiyo ni ngumu mno, karibu haifanyiki. Kwa hiyo ramani ya pendekezo lenu ikishuka hadi kwenye misitu hiyo iliyo jirani na makazi, mimi ningeandika wazi kwamba mpaka upandishwe juu. Nyika haipungui heshima kwa kuanzia maili tatu ndani.

Juu zaidi, mbali na nyumba, mambo hugeuka. Tangu mwaka 1972 katika nyika ya Selway-Bitterroot, mpakani mwa Idaho na Montana, baadhi ya mioto ya radi imeachwa iwake yenyewe. Matokeo ni msitu wenye viraka: hapa miti ya juzi, pale ya miaka mia, na moto mpya ukifika kwenye kiraka kilichoungua karibuni mara nyingi unakosa chakula. Kule kuacha ndiko dawa.

Baada ya hapo tazama tishio. Eneo likibaki bila kutangazwa, nini kitatokea? Wakati mwingine jibu ni "hakuna". Milima yenu huenda tayari iko chini ya Kanuni ya Idaho ya Maeneo Yasiyo na Barabara ya mwaka 2008, inayogusa ekari milioni 9.3 na kuzigawa katika makundi matano. Kundi kali zaidi linakaribia nyika kwa masharti yake; kundi la mwisho linaruhusu barabara na ukataji. Waulize ofisi ya msitu mlima wenu uko kundi gani. Jibu lake lina uzito kuliko hotuba zote za mkutanoni, na nimeshangaa mara nyingi kuona watu wamebishana mwaka mzima bila kuliuliza.

Tofauti ni kwamba kanuni hubadilishwa kwa kanuni. Hata tangazo la rais halina uimara ambao watu hudhani: Bears Ears huko Utah ilitangazwa na Rais Obama mwaka 2016 ikiwa na ekari milioni 1.35, mwaka uliofuata Rais Trump akaikata kwa takribani asilimia 85, na mwaka 2021 Rais Biden akairudisha. Nyika hutangazwa na Bunge peke yake na kuondolewa na Bunge peke yake. Ndiyo maana inachukua muda, na ndiyo maana ikishapita inakaa. Mpango wa msitu mnaouandikia maoni unaweza kupendekeza tu. Pendekezo linaweza kulala. Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ilimaliza kupeleka mapendekezo yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo zaidi ya ekari milioni 10 zinasubiri Bunge liseme ndiyo au hapana, zikitunzwa kama mchumba aliyetolewa posa na hajaolewa. Kwa mkulima, mfugaji na mpenda nyika pia, kusubiri huko ni mzigo.

Kuna jambo moja ambalo halitakuwemo kwenye fomu ya maoni, nami siwezi kulipita. Sheria ya 1964 inasema nyika ni mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyebaki. Katikati ya Idaho kuna nyika ya Frank Church–River of No Return, zaidi ya ekari milioni 2.3, nzuri kiasi cha kumtoa mtu machozi. Ukishuka mto Salmon, tawi lake la kati, utaona kwenye miamba michoro myekundu ya watu na wanyama. Waliokaa humo ni Watukudika, Washoshoni waliowinda kondoo wa milimani. Waliondolewa na jeshi mwaka 1879, miaka 85 kabla ya sheria kusema kwamba binadamu hakai pale. Hapakuwa patupu, paliachwa patupu.

Sisemi hilo ili ulipinge pendekezo. Nasema ili uulize: makabila yenye mikataba kuhusu milima hiyo yamesema nini? Nez Perce wana mkataba wa 1855 na Shoshone-Bannock wa 1868, yote miwili ikilinda haki ya kuwinda katika ardhi ya namna hiyo, na kutangaza nyika hakufuti mkataba. Yapo makabila yanayoitaka nyika, tena kwa masharti makali kuliko ya serikali. Huko Montana, Wasalishi na Wakutenai walitangaza nyika yao wenyewe katika milima ya Mission mwaka 1982, kwenye ardhi yao. Kila kiangazi wanafunga kabisa eneo la kilele cha McDonald, asiingie hata mtu wa kabila, ili dubu wa grizzly wale bila kusumbuliwa. Dubu wale wanageuza mawe kutafuta wadudu: vibibi, wale wadogo wekundu wenye madoa, na nondo, vipepeo wa usiku, waliojikusanya kwa maelfu. Kumfungia njia mtu wako mwenyewe kwa ajili ya dubu anayekula nondo: huko ndiko kuuacha mlima ujiongoze, na hakuna aliyewafundisha hilo kutoka Washington.

Je, watu wanaovutana wanaweza kukubaliana? Wanaweza, ila polepole. Katika kaunti ya Owyhee, kusini-magharibi mwa jimbo lenu, wafugaji na watu wa uhifadhi walianza kukaa meza moja mwaka 2001, na kabila la Shoshone-Paiute likashirikishwa. Mwaka 2009 Bunge likapitisha nyika za ekari takribani 517,000. Wafugaji hawakupata kila kitu, wapenda nyika pia hawakupata kila kitu, na baadhi ya maeneo yaliyokuwa yakisubiri yakafunguliwa kwa matumizi mengine. Miaka minane. Kwa ardhi ambayo inapangiwa vizazi, kwangu si mingi.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na ramani ya ofisi ya msitu, uchapishe kipande chenu, kisha umwombe jirani yako mwenye ng'ombe akupeleke siku moja kabla theluji haijaanguka. Akuonyeshe uzio wake na maji yake. Tembea angalau njia moja iliyochorwa kama barabara, hadi mwisho wake. Simu yako, ukiiruhusu, inaweka tarehe na mahali kwenye kila picha, hiyo inatosha. Ukirudi, andika kwa lugha yako ya kawaida: sehemu hii ina sifa, kwa sababu hizi, sehemu ile haina, hapa mpaka usogezwe juu kwa ajili ya msitu mkavu na nyumba, njia hii ya baiskeli ibaki nje, makabila yasikilizwe kabla ya mstari wa mwisho. Maoni hayahesabiwi kama kura, kwa hiyo barua elfu moja zilizonakiliwa maneno yaleyale hazina nguvu ya ukurasa mmoja wenye jina la bonde na picha. Na uandike ndani ya muda uliowekwa, kwa jina lako, maana kwa kawaida anayeruhusiwa kuweka pingamizi rasmi mpango ukishaandikwa ni yule aliyetoa hoja mahususi wakati wa maoni.

Unaonekana unaelekea kuupenda mlima huo uwe nyika, na kwa ulivyoueleza, sehemu yake ya juu nami ningeiunga mkono. Lakini ukikuta huko kalavati ambalo halimo kwenye ramani yao, lipige picha na ulipeleke pia.